Tochi Juu ya Kioo

Kipya kinyemi ingawa kidonda.
Ijumaa, saa nne usiku, Tartu, theluji imeegemea mlango,
Valve akabonyeza Ndiyo
akaenda kuchemsha viazi.
Mistari ikateremka, vifurushi elfu na mia mbili,
kila kimoja na jina lake na namba yake
kama abiria wanaoitwa kwenye orodha.
Kisha mashine ikaomba izimwe, iwashwe upya,
na Valve, uma mkononi, akairuhusu.

Giza.

Si giza la kifo. Hilo analijua,
aliliona hospitalini, ghorofa ya tatu, mwezi wa Machi.
Hapa feni inazunguka, taa ya kijani inakonyeza,
ukiinamisha sikio penye kibodi
utasikia diski ikijikuna.
Na baada ya dakika, ile sauti ya kukaribisha:
tiriri, kijiko kimegusa bilauri.
Mashine iko macho. Uso tu ndio imeuficha.

Akampigia Tanel, mtoto wa kaka yake, kule Narva.
"Shangazi, umechomeka waya?"
"Nimechomeka."
"Umezima ukawasha?"
"Mara saba. Kwa mara sita nisingekuamsha."
"Kadi ya michoro ni ipi?"
"Ile iliyomo humo."
Kimya. Kisha, katikati ya miayo: "Chukua tochi.
Kimulike kioo kwa ubavu, si usoni."

Akazima taa ya jikoni, akamulika.
Na hapo, kama samaki chini ya barafu,
vikajileta vivuli: tarakimu za saa, kikapu cha taka,
na kikapu kingine, cha uyoga,
halafu kidole gumba, halafu sikio,
halafu Kaarel mzima, amekunja uso kwa jua
kwenye kile kinamasi walichokipima maji
miaka kumi na tisa.
Miaka miwili amekuwa akiifunika picha hii kwa ramani,
dirisha juu ya dirisha,
na leo anaitafuta kipande kwa kipande
kwa tochi ya betri mbili.

"Unaona kitu?"
"Naona."
"Basi picha inafika. Taa ya nyuma ndiyo haikupewa amri."

Wakaanza. Shikilia Shift. Umechelewa, rudia.
Orodha nyeusi ikitokea, gonga e,
songa hadi mwisho wa mstari, acha nafasi,
andika nomodeset, neno moja, usivute pumzi katikati.
Kioo kikawaka:
herufi kubwa kama za chekechea,
ramani imevimba, mito imegeuka ngazi,
na Kaarel ana mraba mahali pa pua.
Valve akacheka, mara ya kwanza tangu viazi.
"Hapana," akasema. "Huyu simjui."

Mimi ningemwambia
usiache mbachao kwa msala upitao,
lakini nani angenipigia simu saa saba na robo?
Akarudi mwenyewe kwenye orodha ile nyeusi,
mstari wa pili, ambao hakuna mtu huugusa,
akashuka kwa mshale, akashuka,
na chini kabisa akakikuta kiini cha zamani,
cha mwaka juzi. Kaarel alikuwa amekifungia kisifutwe.
Mtu yule hakutupa kitu;
hata misumari iliyopinda aliinyosha akaiweka koponi.

Ingiza.

Nuru ikaja bila kishindo.
Kinamasi kikawa kijani, mito ikawa myembamba,
pua mahali pa pua.
Tanel alikuwa anakoroma ndani ya simu.
Valve hakumwamsha, wala hakukata.
Alifungua ramani ya kazi, inayotakiwa Jumatatu,
akaivuta kushoto upana wa vidole vinne
ili ukingo mmoja wa picha ubaki wazi.
Viazi vilikuwa uji.

Kwenye lebo ya mtungi wa jemu akaandika:
mstari wa pili, kisha wa mwisho kabisa.
Akaibandika juu ya kifuniko cha kompyuta.
Chini yake, kwa kalamu nyekundu:
usisasishe Ijumaa.